Kwa nini geti la nyumba ya ua ya Beijing liko kona, si katikati?

#1 Chokaa_Mbichi
Wakuu, salaam. Kuna jambo kwenye siheyuan, zile nyumba za ua za Beijing, ambalo kila mtu analieleza kivyake. Nyumba yote imepangwa kwa mizani: jengo kuu liko kaskazini na uso wake kusini, majengo mawili ya ubavuni yanatazamana, moja mashariki na jingine magharibi, na la nne liko kusini, limeipa barabara mgongo. Kila kitu kina mwenzake upande wa pili. Isipokuwa geti. Geti limesukumwa hadi kona ya kusini-mashariki. Ukiingia unakutana na ukuta usoni, unakata kushoto, ndiyo unauona ua wa mbele.

Kwa nini? Tafadhali msinijibu "ni utamaduni wao". Utamaduni nao una sababu zake.

#2 MtaaWaPili
Fengshui tu, mkuu, ile elimu ya Kichina ya kupanga majengo yapate heri. Katika mchoro wa pande nane, nyumba iliyokaa kaskazini inaitwa ya "kan", na geti lake la heri ni "xun", yaani kusini-mashariki, upande wa upepo. Choo kinatupwa kona ya kusini-magharibi. Mafundi walikuwa na kauli yao: nyumba kan, geti xun. Mods fungeni uzi.

#3 Bomba_Bovu
Usifunge kwanza. Tazama maji. Uwanda wa Beijing unashuka kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, na mvua nyingi ya mwaka inanyesha Julai na Agosti, kwa kishindo. Ndani ya nyumba hizi sakafu ya kila jengo iko juu ya jukwaa la mawe na matofali, na ua uko chini yake. Katikati ya ua kuna njia mbili za matofali zinazokatana msalaba, zimeinuliwa kidogo. Pembe nne zinazobaki ni udongo mtupu: miti inapandwa hapo na udongo unakunywa mvua ya kawaida. Ya kupindukia inafuata mteremko hadi kwenye tundu la jiwe lililochongwa kama sarafu ya kale, na tundu hilo linatokea kusini-mashariki, karibu na geti.

Kwa hiyo kona hiyo ndiyo ya chini kabisa ya kiwanja. Fundi anaanza na maji, mwaguzi anakuja baadaye kuipa jina.

#4 Kibanda_na_Kasri
Nyote wawili mmeruka kitu kikubwa: cheo. Makasri ya wana wa mfalme, mahekalu na ofisi za serikali geti lao liko katikati, kwenye mhimili. Hao hawana fengshui? Hawana maji ya mvua? Geti la kona ni alama ya raia.

Serikali ya ukoo wa kifalme wa Ming ilitoa amri mwaka 1393: nyumba ya raia isizidi jian 3 kwa upana na magogo 5 ya kulala juu ya paa, isiwe na vile vishikizo vya mbao vilivyopandana chini ya upenu, wala michoro ya rangi. Vigae vya njano ni vya mfalme, vya kijani ni vya wana wa mfalme, wengine wote kijivu. Watu waliopangiwa hadi idadi ya magogo ya paa, unadhani waliachiwa wachague geti lao?

#5 Napita_Tu
Vyumba vitatu tu? Na hizi familia tunazoambiwa za vizazi vinne zililala wapi, juu ya miti?

#6 Babu_Kenchi
@Napita_Tu jian si chumba. Ni nafasi iliyo kati ya fremu mbili za mbao, basi. Unaweza kuondoa ukuta ukapata chumba kimoja cha jian tatu. Idadi ni witiri daima, 3, 5 au 7, ili ya katikati iwe ukumbi na mlango uwe kwenye mhimili.

Na ujanja wao ndio huu: kila mwisho wa jengo kuu waliongeza kijengo kifupi chenye paa la chini zaidi na kina kidogo, kinaitwa "sikio". Tatu za kati na masikio mawili, jumla tano, lakini kwa kuwa paa la sikio limejitenga, mkaguzi anahesabu tatu. Tena amri ilihusu upana wa jengo moja, haikuhusu idadi ya majengo. Mwenye pesa alijenga ua wa pili nyuma ya wa kwanza, na wa tatu nyuma ya huo.

#7 Mwalimu_Pembe
Nadharia ya #3 ina tundu kubwa kuliko hilo tundu lake la sarafu. Vichochoro vya Beijing, hutong, vingi vinakwenda mashariki-magharibi. Nyumba iliyo upande wa kaskazini wa kichochoro inafungua kusini-mashariki, sawa. Lakini iliyo upande wa kusini wa kichochoro inafungua kaskazini-MAGHARIBI. Hiyo ndiyo kona ya juu kabisa kwa mteremko uleule. Maji yanapanda mlima?

#8 Bomba_Bovu
@Mwalimu_Pembe kwa nyumba za upande wa kusini geti na mfereji vimeachana, kila kimoja kikaenda kivyake. Hilo halifuti faida ya kuviweka pamoja pale inapowezekana.

#9 MtaaWaPili
😂😂 maji yamegoma.

#10 Mwalimu_Pembe
@MtaaWaPili usicheke sana, na wewe xun yako imehamia kaskazini-magharibi, au siyo?

Mimi naona jibu liko kwenye viwanja. Kublai, mfalme wa Kimongolia aliyeitawala China, alipojenga mji mpya wa Dadu, ambao ndio mama wa Beijing ya leo, mwaka 1285 iliamriwa watu wa mji wa zamani wahamie na wapewe viwanja vya mu 8 kila kimoja (mu ni kipimo cha ardhi cha Kichina). Vichochoro vikapigwa sambamba, viwanja vikabanwa katikati yake. Hapo upande wako wa barabara ni mmoja tu, na juu yake umeegemeza mgongo wa jengo la kusini. Ukitoboa geti katikati, umelikata jengo hilo vipande viwili, na geti likiachwa wazi mpita njia anaona moja kwa moja hadi geti la ndani. Ukilipeleka pembeni kabisa, unapoteza jian moja ya mwisho ambayo haikuwa na kazi kubwa, na jengo la kusini linabaki zima.

#11 Kibanda_na_Kasri
Hoja nzuri ya kiwanja, lakini nyumba ya ua ni ya zamani kuliko Dadu kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Kule Fengchu, wilaya ya Qishan mkoani Shaanxi, ulifukuliwa mwaka 1976 msingi wa jengo la enzi ya Zhou Magharibi: nyua mbili, majengo pande zote, mabomba ya udongo ya kutolea maji chini ya ardhi (salamu kwa Bomba_Bovu). Geti lake liko katikati, na mbele yake umesimama ukuta wa kukinga macho. Yaani ukuta wa kukinga ulikuwepo kabla geti halijahamia kona. Faragha ilishapatikana bila kona.

#12 Napita_Tu
Huo ukuta si ndio wa kuzuia mashetani? Nilisoma kwamba shetani wa Kichina hawezi kukata kona.

#13 Shangazi_Hutong
@Napita_Tu hiyo ya shetani anayenyooka ni chai ya waongoza watalii. Si kwamba hakuna aliyeamini, wapo, lakini ukiangalia ulivyojengwa utaona umejengewa macho ya watu.

Kwanza, kwenye nyumba nyingi za kawaida si ukuta unaojitegemea. Geti likiwa kona ya kusini-mashariki, kinachokutazama ni ubavu wa jengo la mashariki. Mafundi walikuwa wanaupamba ubavu huohuo na kuufanya ukuta wa kukinga, kazi moja kwa gharama ndogo. Wa kujitegemea ulikuwa wa mwenye nafasi, na mkubwa zaidi aliweka na mwingine ng'ambo ya kichochoro, ukilitazama geti lake.

Sehemu zake ni tatu: kitako, kiwiliwili, na kofia ya vigae kama paa dogo. Kiwiliwili kinajazwa matofali ya mraba yaliyosuguliwa na kulazwa kwa nyuzi 45, almasi almasi, na ua la kuchonga katikati na vipande vinne vya pembeni. Kusugua ndiko kunakokula pesa: kila tofali linasagwa ubavu hadi liungane na mwenzake bila kuonyesha udongo, halafu uji wa chokaa unamiminwa nyuma. Uji huo usipolijaza pengo la nyuma, maji yanakaa humo, na barafu ya Januari inalisukuma nje.

#14 Kidaka_Lamu
Nawasoma kwa utulivu. Nyumba za mawe za Lamu nazo zina daka (kibaraza cha mlangoni), kisha tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia), kisha kiwanda (ua wa ndani), na njia inapinda ili wa nje asione uani. Na huko ndani, kwenye zidaka za ukutani, zilipangwa sahani na bakuli za kutoka China hiyohiyo. Hakuna aliyetuambia habari za mashetani. Ni wageni wa kiume na wake wa nyumba tu.

#15 Chokaa_Mbichi
@Kidaka_Lamu shukrani. Sasa tuingie ndani. Nani analala wapi, na je, kona ya geti inahusika?

#16 Shangazi_Hutong
Inahusika. Chukua nyumba ya nyua tatu. Geti, ukuta wa kukinga, unaingia ua wa kwanza, mwembamba, umelala mashariki-magharibi. Jengo la kusini ni la mlinzi, mwalimu wa watoto, chumba cha wageni, watumishi wa kiume. Mgeni wa kiume asiye ndugu anaishia hapo.

Kaskazini mwa ua huo kuna geti la pili, lile lenye vinguzo viwili vifupi vinavyoning'inia hewani, ncha zake zimechongwa kama tumba la yungiyungi. Lina milango miwili. Ya mbele inafunguliwa mchana. Ya nyuma ni mbao nne za kuziba macho, ambazo kwa kawaida hazifunguliwi: harusi, msiba, mgeni mzito, basi. Siku nyingine zote unaingia mlango wa mbele, unakatia pembeni, unafuata veranda zenye paa zinazozunguka ua mkubwa. Kauli yao ilikuwa kwamba binti wa watu hatoki geti kubwa wala havuki geti la pili.

Ua wa kati: jengo kuu la wazee, ukumbi katikati wenye meza ya mababu, vyumba vyao kushoto na kulia. Mashariki mtoto wa kiume wa kwanza na mkewe, magharibi wa pili. Ua wa nyuma, jengo refu jembamba la mabinti ambao hawajaolewa na watumishi wa kike. Kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo macho ya nje yanavyopungua, na geti la kona ndilo linaloianza safari hiyo kwa kukunyima mstari ulionyooka.

#17 Babu_Kenchi
Hapo kwenye mtoto wa kwanza kuna mtego. Mashariki ni upande wa heshima, kweli. Lakini jengo la mashariki linatazama magharibi, kwa hiyo jua la saa tisa alasiri la Julai linaingia lote, na baridi ya kaskazini-magharibi inalipiga usoni wakati wa baridi. Wenyewe wana msemo: mwenye pesa hakai nyumba ya mashariki wala ya kusini, wakati wa baridi haina joto na wakati wa joto haina ubaridi. Ya kusini inatazama kaskazini, karibu hailioni jua. Nyumba nzuri ya kuishi baada ya jengo kuu ni ya magharibi, anayopewa mdogo.

Kaka mkubwa anapewa cheo, mdogo anapewa usingizi.

#18 Napita_Tu
😂 Mke wa kaka mkubwa anajua hesabu hiyo siku ya kwanza.

#19 Mwalimu_Pembe
Na hesabu hiyo ndiyo inayolipuka siku ya kugawana. Wana wa kiume wote walirithi sawa kwa sawa, mkubwa hakubeba nyumba nzima kama Uingereza ya zamani, ingawa sehemu nyingine aliongezewa kidogo kwa ajili ya matambiko. Utaratibu, kwa ufupi:

Wanaitwa mashahidi, na aliyekuwa na sauti kubwa mara nyingi ni mjomba, kaka wa mama, kwa sababu yeye hana fungu ndani. Mali inapangwa kwa mafungu yanayolingana thamani, si idadi. Jian moja ya jengo kuu hailingani na moja ya jengo la kusini, kwa hiyo anayepata kusini anaongezewa shamba, vyombo au fedha. Fungu la wazee linatengwa kwanza, au inaandikwa watakula kwa nani kwa zamu. Kisha wana wanapiga kura za karatasi. Hati inaandikwa nakala kwa kila ndugu, mashahidi wanatia alama.

Ndugu wanaweza kubaki ndani ya ua uleule baada ya hapo. Alama ya kutengana ni jiko. Majiko mawili, kaya mbili, hata kama ukuta ni mmoja. Sasa shida za kiufundi: nani anapita wapi? Geti ni moja, kisima ni kimoja, mfereji ni mmoja. Hati nzuri inataja njia ya kupita na mfereji kuwa vya wote. Ikisahau, mjukuu mmoja anajenga ukuta katikati ya ua na maji ya mwenzake yanarudi chumbani.

#20 Kidaka_Lamu
Na mabinti?

#21 Mwalimu_Pembe
@Kidaka_Lamu mali ya kuondoka nayo anapoolewa, si fungu. Kisheria ilibadilika na sehemu za familia na mirathi za Sheria ya Kiraia ya Jamhuri, zilizotangazwa Desemba 1930 na kuanza kutumika Mei 1931. Binti akawekwa sawa na mwana. Katika utekelezaji wa vijijini ni habari nyingine.

#22 Kibanda_na_Kasri
Tuwe wakweli kidogo kuhusu #16. Nyumba ya nyua tatu yenye mlinzi na mwalimu ni ya tajiri au ofisa. Beijing ya kawaida ilijaa nyumba za ua mmoja, na kabla ya 1949, mwaka Wakomunisti waliposhika nchi, tayari nyua nyingi zilikuwa za wapangaji, kaya kadhaa zisizo na undugu zikigawana bomba na choo. Vitabu vya picha vinapenda ile kubwa.

Na huyo anayependa kuweka picha za geti jekundu akisema "geti la kale": kwa sheria ya Ming, maofisa wa daraja la 1 na 2 walipaka kijani, wa 3 hadi 5 walipaka nyeusi na pete za bati, wa 6 hadi 9 nyeusi na pete za chuma. Raia hakuwa na ruhusa ya wekundu. Wekundu mwingi wa vichochoroni leo ni rangi ya karne iliyopita.

#23 Bomba_Bovu
Geti lenyewe mmelisahau kiufundi. Mlango hauna bawaba. Unazunguka kwenye mhimili wa mbao. Ncha ya chini inakaa kwenye shimo la jiwe. Jiwe hilo moja ndani ni tundu la mhimili, nje linachongwa kama ngoma au kama sanduku, ndilo watalii wanapiga nalo picha. Sehemu ya nje ni uzito wa kuzuia ya ndani isiinuke mlango unapobamizwa. Ncha ya juu inashikwa na ubao mrefu nyuma ya kizingiti cha juu, na ubao huo unafungwa kwa vigingi vinavyopenya hadi nje, vichwa vyake vya pembe sita ndiyo yale mapambo juu ya mlango. Nyumba ndogo viwili, kubwa vinne.

Kizingiti cha chini kirefu wanasema cha kuzuia mizuka (tena!), wengine cha kuzuia heri isitoke. Mimi nasema mlango wa kuzungukia mhimili lazima uachiwe pengo chini ili uzunguke, na pengo hilo linahitaji kitu cha kuliziba vumbi, panya na maji ya kichochoro. Mara nyingi kizingiti hicho kinachomoka, unakiinua kupitisha mkokoteni.

#24 MtaaWaPili
Na ukitaka kuinua kizingiti kila siku, heri inatoka na mkokoteni 😏

#25 Chokaa_Mbichi
Babu_Kenchi, tupe paa na nguzo. Nimesoma kwamba ukuta ukianguka nyumba inabaki.

#26 Babu_Kenchi
Ndiyo, kwa sababu ukuta haubebi kitu. Nguzo zinabeba boriti, boriti zinabeba vinguzo vifupi, hivyo vinabeba magogo ya kulala, juu yake makombamoyo. Viungo vyote ni ulimi na tundu. Tofali ni la kuziba tu, na ndani ya ukuta mara nyingi ni vipande vilivyovunjika na udongo, uzuri umewekwa nje na kwenye pembe.

Vipimo: kanuni za ujenzi za Qing, ukoo wa kifalme uliofuata Ming, zilizotolewa 1734, zinakwenda kwa uwiano. Kwa nyumba ndogo ukipewa upana wa jian ya katikati futi 10 za Kichina, nguzo inakuwa 8, na kipenyo chake takriban sehemu 1 ya 11 ya urefu, kama inchi zao 7. Futi ya Qing ni kama sentimita 32. Kwa hiyo: upana mita 3.2, nguzo mita 2.56, kipenyo sentimita 22. Upenu unatoka nje sehemu 3 za 10 za nguzo, yaani sentimita 77. Jukwaa linatoka sehemu 4 za 5 za upenu, kama sentimita 61. Tofauti hiyo ya sentimita 16 ndiyo inayofanya tone lidondokee uani badala ya juu ya jukwaa. Jukwaa likipanuliwa "lipendeze", maji yanarukia kitako cha nguzo, na kwisha.

Mwinuko wa paa nao si mmoja. Nyumba ya magogo matano, kipande cha chini kinapanda 5 kwa kila 10, cha juu 7 kwa 10. Ndiyo maana paa linaonekana limekunjika kidogo katikati.

#27 Chokaa_Mbichi
Na upenu huo unatosha kwa jua?

#28 Mwalimu_Pembe
Pigeni hesabu. Beijing iko karibu nyuzi 39.9 kaskazini. Adhuhuri ya Juni 21 jua liko nyuzi 73.5, ya Desemba 21 nyuzi 26.7.

Juni: upenu wa mita 0.77 unashusha kivuli 0.77 × 3.4, kama mita 2.6. Nguzo ni 2.56. Uso wote wa nyumba uko kivulini. Desemba: ukingo wa upenu umeshuka kidogo chini ya kichwa cha nguzo, tuseme uko mita 2.2 juu ya sakafu. 2.2 ÷ 0.5 ni 4.4, toa 0.77, jua linaingia zaidi ya mita 3.5 ndani. Linafika kitandani.

Hesabu hiyohiyo inaeleza upana wa ua. Jengo la kusini lenye kilele cha mita 5 linatupa kivuli cha karibu mita 10 mwezi Desemba. Ua ukiwa mwembamba, wazee hawaoni jua miezi mitatu. Kule Huizhou, kusini zaidi, karibu nyuzi 30, shida ni joto, kwa hiyo ua umebaki kitundu tu cha kuingizia mwanga, na kuta za ncha zimepandishwa juu ya paa kwa ngazi ili moto wa jirani usivuke.

#29 Napita_Tu
Na mkoa wa Shanxi? Nimeona picha za paa nusu, linashuka upande mmoja tu.

#30 Kibanda_na_Kasri
@Napita_Tu linashuka kuelekea uani, na mgongo wake ni ukuta mrefu usio na dirisha. Nyumba ya ukoo wa Qiao kule Qixian na ya Wang kule Lingshi ndizo maarufu. Maelezo ni matatu na kila kijiji kina lake: mwizi hapati pa kushika, upepo wa vumbi unagonga ukuta, maji ya mvua ni mali, yasiende kwa jirani. Ua wa huko umerefuka na kubanwa, tofauti na wa Beijing.

#31 Bomba_Bovu
Maji tena. Nasema tu.

#32 Shangazi_Hutong
Kabla Babu hajaondoka: kinachoua nyumba hizi ni nini hasa?

#33 Babu_Kenchi
Vitako vya nguzo vilivyomo ukutani. Mbao iliyozikwa ndani ya tofali inapumua kupitia tundu dogo la tofali la kuchongwa, moja karibu na chini kwenye kila nguzo, na jingine juu. Watu wanadhani ni pambo. Mpangaji anaziba kwa saruji ili panya wasipite, na miaka michache baadaye nguzo imekuwa unga. Dawa: paa linaegemezwa kwa miti, sehemu iliyooza inakatwa, mguu mpya unaungwa kwa kupishana urefu wa angalau mara moja na nusu ya kipenyo, na kufungwa pete za chuma. Ikioza zaidi ya theluthi ya urefu wake, badilisha nguzo nzima.

Saruji ukutani ni ugonjwa wa pili. Tofali la kijivu ni laini, linatakiwa chokaa. Saruji inazuia unyevu kutoka, chumvi inajikusanya nyuma yake, uso wa tofali unabanduka kama magamba.

Wa tatu ni nyasi za paani. Vigae vimelazwa juu ya tope la udongo na chokaa. Mbegu inaangukia kwenye kiungo kilichopasuka, mzizi unakwenda kunywa kwenye tope, unainua kigae. Ukizing'oa kwa nguvu zinatoka na tope lake. Zinakatwa, mizizi inauawa, kiungo kinazibwa.

#34 MtaaWaPili
Ongeza wa nne: watu. Baada ya 1949 kaya ziliongezeka ndani ya ua mmoja, na mwaka 1966, Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza, wenye nyumba wengi walikabidhi hati zao kwa serikali. Tarehe 28 Julai 1976 likaja tetemeko la Tangshan; watu wakajenga vibanda uani kulala nje. Vibanda havikuondoka, vikawa majiko. Ndiyo maana leo unaingia geti zuri na mbele yako kuna ujia wa kupita mtu mmoja na baiskeli.

#35 Shangazi_Hutong
Kuna jaribio moja la kujibu hilo: Ju'er Hutong, mradi wa mbunifu majengo Wu Liangyong, awamu ya kwanza ilikamilika 1990, ukapata Tuzo ya Makazi ya Dunia 1992. Fleti za ghorofa mbili tatu zimezungushiwa nyua, kila kaya jiko na choo chake. Wengine wanasema ndiyo njia. Wengine wanasema ni maghorofa yaliyovaa kofia ya vigae.

#36 Chokaa_Mbichi
Wadau wa geti bado hamjakubaliana lakini nimeshiba. Swali dogo la mwisho: baridi walishindaje? Mita 3.5 za jua ni za mchana.

#37 Babu_Kenchi
Kang: kitanda cha matofali, moto mdomoni, moshi unazunguka chini yake kwa mifereji hadi dohani. Upande wa moto anapewa mzee au mgeni. Mfereji ukiwa mwembamba masizi yanaziba, ukiwa mpana joto linakimbilia dohani. Nyumba za Beijing nyingi zilitumia pia jiko la makaa ya mawe chumbani, na hapo ndipo hatari: dirisha la karatasi lililobandikwa vizuri mno linafungia gesi. Kila msimu watu walikufa usingizini. Kwa hiyo kwenye kona ya juu ya dirisha waliweka kifuko cha karatasi kilicho wazi juu, hewa inatoka na upepo hauingii moja kwa moja. Ukikiona kwenye picha za zamani, si urembo.

#38 Napita_Tu
Karatasi inabandikwa ndani au nje ya fremu?

#39 Shangazi_Hutong
Beijing ndani. Kaskazini-mashariki, Manchuria, nje, na wenyewe wanaitaja kama moja ya ajabu tatu za kwao. Sababu: ukibandika ndani, theluji inakaa kwenye vijiti vya fremu upande wa nje, ikiyeyuka inalowanisha karatasi mahali palipogundishwa.

#40 Mwalimu_Pembe
Au ni upepo. Karatasi ikiwa nje, upepo unaisukuma ikae juu ya vijiti. Ikiwa ndani, unaisukuma ibanduke.

#41 Bomba_Bovu
Ni maji yaliyoyeyuka. Shangazi yuko sahihi.

#42 MtaaWaPili
Wewe kila kitu maji.